Kelele za Inchi Nne

Alhamisi moja ya Machi, mwaka 1972, saa kumi alasiri, Waceke alikuwa ameketi juu ya kreti la bawaba katika stoo ya chini ya hadiwea ya Mzee Abdalla, River Road, akikaza waya mpya wa gitaa lake kwa koleo. Mbele yake Mungai alikuwa akipanga ngoma zake: mbili za ngozi, tatu za mapipa ya rangi, na bati zima lililoning'inizwa darini kwa kamba. Jabir alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya amplifaya, akiunganisha valvu ya kumi na tisa. Walianza kupiga saa kumi na robo. Saa kumi na dakika ishirini sauti ikaondoka.

Haikukatika. Ilikuwa ikipanda, kama ilivyokuwa ikipanda kila wiki tangu Jabir aanze kuongeza valvu, na siku hiyo ikayapita masikio ikaenda zake upande wa pili.

Jabir aliinuka, akagusa valvu moja baada ya nyingine, akaunguza vidole. Zote zilikuwa zikiwaka. Koni ya spika ilikuwa ikitetemeka kiasi cha kupeperusha risiti za duka. Mungai alilipiga bati kwa nguvu zake zote, na bati likayumba kimya kama shuka kwenye kamba.

"Imekufa?" Mungai aliuliza.

"Haijafa. Inafanya kazi vizuri sana," Jabir akasema. "Ila hatuisikii."

Wakaona ni jambo la ufundi, wakaendelea kupiga ili Jabir apate kuchunguza.

Bendi hiyo, iliyojiita Inchi Nne kwa jina la msumari, ilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Ilikuwa imefukuzwa katika hoteli moja ya Kilimani, ambako glasi za wageni zilitembea mezani zikajitupa chini. Ilikuwa imefukuzwa katika baa moja ya Kangemi, ambako wanywaji walilalamika kwamba bia ilikuwa inaisha povu kabla ya kufika mdomoni. Ilifukuzwa pia katika harusi, baada ya padri kulazimika kumpa bibi arusi kalamu aandike kwamba amekubali. Hakuna aliyeona haya kwa hayo. Waceke alikuwa amekulia Kangemi, nyumba ya tatu kutoka ukuta wa kiwanda cha misumari, na usingizi wake wa utotoni ulikuja juu ya mlio wa mashine za kukata waya. Nyimbo tamu za redioni alizisikia kama chakula kilichoepuliwa kikiwa kibichi. Alitaka wimbo uliopikwa ukaiva, ukashika hata ukoko.

Dakika chache baadaye Mzee Abdalla alishuka ngazi, kikoi kiunoni, tasbihi mkononi. Alikuwa ami yake Jabir, na alikuwa amekwisha kuwaonya mara tatu, maana orofa ya pili ndugu yake Maalim Idarus, babake Jabir, alikuwa akisomesha watoto chuo cha Kurani. Mzee Abdalla alimtazama Mungai aliyekuwa akitota jasho juu ya mapipa. Akatazama gitaa. Akatega sikio.

"Enhe," alisema. "Sasa mmekuwa watu wa adabu. Mngepiga hivi tangu mwanzo, tungegombana nini, wanangu?"

Akapanda juu kuuza komeo.

Wiki tatu Jabir alitafuta hitilafu. Alifungua amplifaya mara kumi na nne. Alibadilisha waya, akabadilisha spika, akaazima kipimo cha umeme kwa fundi wa redio wa jirani. Kipimo kilisema kuna sauti, na nyingi. Jumamosi ya tatu Nyokabi, mamake Waceke, akaja na basi kutoka Kangemi na sufuria ya githeri, kwa kuwa bintiye alikuwa hajaonekana nyumbani siku mbili. Alishuka ngazi tatu. Akaiweka sufuria chini, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Wewe Waceke!" alipiga kelele. "Punguzeni hiyo kitu! Mnataka kuangusha nyumba ya wenyewe?"

Jabir akanyoosha mkono akapunguza.

"Tena."

Akapunguza tena.

"Hapo. Hapo sawa." Nyokabi akaokota sufuria yake. "Njooni mkule. Ama ngojeni. Hiyo ya mwisho ilikuwa tamu. Rudieni hiyo kwanza, chakula ni yenu tu, haiendi mahali."

Nyokabi alikuwa kiziwi. Alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye mashine nambari nne ya kiwanda cha misumari. Mwaka wa tatu aliacha kusikia kuku. Mwaka uliofuata aliacha kusikia mvua juu ya mabati, kisha akaacha kumsikia bintiye, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano na maneno mengi. Mwaka 1971 nyapara alimwita mara tatu akiwa nyuma yake. Nyokabi hakugeuka, akafukuzwa. Karatasi aliyopewa ilisema amefukuzwa kwa ukaidi. Tangu siku hiyo karatasi ile ilikaa chini ya kitambaa cha meza, na kila Waceke alipopangusa meza aliiona. Alitaka jambo moja katika dunia hii mbali na gitaa: iandikwe karatasi nyingine iseme kwamba mama yake hakuwa mkaidi.

Walirudia wimbo. Nyokabi aliucheza peke yake kati ya kreti za bawaba, kanga kiunoni, na ulipoisha aliwaambia githeri imepoa na kwamba ni kosa lao.

Jumamosi iliyofuata alikuja na Milcah wa mashine nambari mbili. Iliyofuata wakaja kumi na mmoja. Wanawake wa misumari hawakuhitaji kupigiana simu wala kutumiana barua. Kiwandani walikuwa wamezoea kuzungumza kwa mikono na midomo, na waliweza kumsengenya nyapara kutoka mashine ya kwanza hadi ya sita huku yeye mwenyewe amesimama katikati akidhani wanajikuna. Habari ilitoka kanisani ikafika sokoni kabla ya sadaka kukusanywa. Kufikia Desemba maonyesho yalikuwa yamehamia Jumapili, na stoo ilijaa watu mia moja na arobaini kila Jumapili alasiri, na aliyepita River Road alisikia jambo moja tu kutoka chini: miguu. Miguu mia mbili na themanini ilitua pamoja, ikatulia, ikatua tena.

Wanabendi wenyewe hawakusikia kitu, kwa hiyo walijifunza kupiga kwa macho. Mungai alifuata visigino vya Milcah. Jabir, aliyekuwa ameachia amplifaya nafasi ya kupumua na kushika besi, alifuata shingo ya mwashi mmoja mrefu wa Kawangware. Waceke alifuata mabega ya mama yake. Mabega yakisita, alijua vidole vimekosea. Yakicheka, alikaa hapo hapo mpaka vidole vikawaka moto. Baada ya kila onyesho Nyokabi alimpa taarifa kwa mikono, jinsi mama anavyomhukumu binti aliyepika.

Leo chumvi ilizidi katikati.

Au: hii ya leo, hata mkwe angelamba kidole.

Waceke aliyapokea hayo akayaweka moyoni. Mara mojamoja alitamani kujua wimbo wake unasikikaje. Alimwuliza mama yake, na Nyokabi alifikiri sana, kisha akajibu kwa kinywa, maana mikono haikumtosha.

"Ni kama mtu amenifungulia mlango na pembeni hakuna nyapara."

Mwaka uliofuata walitoa santuri. Fundi wa studio alivua vifaa vyake vya masikioni akasema kanda ni tupu, lakini sindano za mita zote zilikuwa zimelala upande mwekundu na mbili zilikuwa zimepinda. Walichapa nakala mia tano. Kituo kimoja cha redio kiliirudisha, kwa maelezo kwamba hakina ruhusa ya kutangaza kimya cha dakika nne. Mwenye duka la santuri River Road hakuwa na neno nayo. Alizoea kuweka spika nje ya mlango kuwavuta wateja, na kelele zilimpa kipandauso. Santuri ya Inchi Nne ilimpa mapumziko, akaiacha ikizunguka kutwa.

Hapo ndipo jiji lilipoanza kusimama. Alisimama mpasua kokoto mwenye vumbi kwenye nyusi. Wakasimama wachapaji wawili waliotoka kazini na wino kuchani. Akasimama mzee aliyewahi kubebeshwa mabomu katika vita vya Wazungu, na dereva wa treni aliyestaafu, na mama aliyesaga mahindi kwenye posho mili ya sokoni miaka tisa. Walisimama mbele ya spika, wakainamisha vichwa, kisha mguu mmoja ukaanza. Waceke alikaa kizingitini saa nzima akawahesabu: thelathini na mmoja. Hakuna aliyejua kwamba viziwi wa kazi wako wengi kiasi hicho, hata wao wenyewe, maana kila mmoja alidhani ni mambo ya nyumbani kwake. Walitazamana kidogo, wakacheka, wakaulizana kwa vidole njia ya kushuka stoo.

Ilikuwa miezi ya raha. Inchi Nne walipiga Kangemi, kwenye kiwanja cha shule, na watoto wa jirani wakafanya hesabu zao bila kusumbuliwa. Walirudi hata katika ile hoteli ya Kilimani. Meneja aliwapa ukumbi mdogo karibu na wageni waliolala, akasema katika miaka yake yote hajaona bendi yenye heshima namna ile. Milcah aliolewa na yule mwashi mrefu, na katika arusi yao padri alisikika vizuri.

Lakini karatasi ilikuwa bado chini ya kitambaa. Januari 1974 Waceke aliketi na Milcah wakaandika barua kwa ofisi ya kazi. Barua ilisema kwamba wafanyakazi sitini na watatu wa kiwanda cha misumari, wa sasa na wa zamani, wameuliwa masikio na mashine. Kwamba mashine zifunikwe. Na kwamba pale palipoandikwa ukaidi paandikwe uziwi. Wote sitini na watatu walitia sahihi au dole gumba.

Kiwanda kilijibu kwa sentensi mbili. Watu hao huenda dansi kila Jumapili huko River Road. Kiziwi gani huenda dansi?

Ofisi ikamtuma mkaguzi. Aliitwa Bwana Dedan, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi na daftari jipya, na alikuja dukani Ijumaa kueleza kwa upole kwamba angehudhuria Jumapili. Wakicheza, wanasikia. Wasipocheza, ataandika kwamba hawasikii. Bendi isipopiga, atajua anafichwa kitu.

Jioni hiyo walikutana stooni. Nyokabi na Milcah walisimama juu ya kreti ili mikono yao ionekane hadi nyuma. Walikubaliana. Jumapili watu wote wataketi. Hakuna mguu, hakuna bega, hakuna kidole.

"Mtaweza?" Waceke aliuliza.

"Si ni kukaa tu?" Milcah akasema. "Mimi nimezaa watoto wanne bila kulia, nishindwe kukaa?"

"Kukaa ni rahisi kuliko kuzaa," mtu akajibu kwa mikono.

"Huyo aliyesema hivyo hajawahi kukaa karibu na huyu Mungai akipiga bati," mwingine akadakia.

Wakacheka. Waceke hakucheka. Alimvuta Jabir kando.

"Tuwasaidie," alimwambia. "Tupige vibaya."

Jabir akafikiri. "Vibaya vipi? Yaani vibaya kuliko kawaida yetu?"

"Vibaya kabisa. Kila mtu njia yake. Mimi nitalegeza waya zote, wewe ugeuze spika, Mungai apige akiwa amefumba macho. Hakuna anayeweza kucheza upuuzi huo."

"Sawa," Jabir akasema. "Lakini sisi wenyewe hatusikii, Waceke. Tutajuaje kama umeharibika?"

Waceke alisema wataona tu.

Jumapili saa tisa watu sitini na watatu waliketi kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, magoti pamoja, mikono mapajani, kama watu wanaongoja kupigwa picha ya pasipoti. Wasikilizaji wengine walisimama ukutani, nao wakakaza miili kwa kuwaunga mkono. Bwana Dedan aliketi mbele, karibu na spika. Alifungua daftari, akaandika tarehe.

Waceke alilegeza waya zote sita mpaka zikaning'inia. Jabir aliigeuzia spika ukuta. Mungai alifumba macho, akainua nondo mbili badala ya fimbo zake. Wakaanza, kila mtu kwa njia yake, bila kutazamana, na Waceke akaburura koleo juu ya waya kutoka juu hadi chini kwa makusudi ya kuharibu kila kitu alichowahi kutengeneza.

Hakujua alichokifanya. Aliona tu Milcah akishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Aliona mwashi akiuma mdomo wa chini. Mzee wa mabomu alikuwa akitokwa na machozi, akitazama dari, na shingo yake ilikuwa imesimama imara kama nguzo ya simu. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Waceke akazidi kuharibu. Alisaga, akakwangua, akaligonga gitaa kwa ngumi, na kadiri alivyoharibu ndivyo nyuso zilivyozidi kung'aa, hata akaelewa, akiwa amechelewa, kwamba kuharibu ndiyo kazi waliyokuwa wakijifunza miaka yote hiyo, na kwamba leo wamehitimu.

Akatazama mabega ya mama yake. Yalikuwa yametulia. Nyokabi aliketi katikati ya benchi la kwanza, mkoba mapajani, macho yakimtazama binti yake. Kisha akauweka mkoba chini taratibu, mahali pasipoweza kukanyagwa, akasimama, akacheza.

Baada yake walisimama wote. Mabenchi yakaanguka. Miguu ilitua pamoja kwa mara ya kwanza na vumbi la saruji likashuka darini. Duka la juu likapoteza rafu mbili za kufuli, na Mzee Abdalla, aliyekuwa akiziokota, akajikuta anaziokota kwa mpigo. Bwana Dedan aliinua kalamu. Alitega sikio la kulia, akatega la kushoto. Alitazama watu wakizunguka kushoto wote kwa pamoja, wakasimama wote kwa pamoja, wakarudi kulia wote kwa pamoja, na hakukuwa na aliyekosea hata hatua moja.

Aliandika alichokiona, maana alikuwa mtu mwaminifu. Ripoti yake, iliyofika baada ya wiki mbili, ilisema kwamba wafanyakazi sitini na watatu wana usikivu mzuri kupita kiwango cha kawaida. Ilisema pia kwamba mkaguzi mwenyewe hakusikia kitu chochote, na ameomba likizo fupi akapimwe masikio.

Jioni ya ile Jumapili Waceke alimkuta mama yake kwenye ngazi, akipepea uso kwa kitambaa.

"Mama, tulikubaliana mkae," alisema, akitamka polepole ili midomo isomeke.

"Nilikaa," Nyokabi akasema. "Nimekaa miaka kumi, Waceke. Na wewe ulitaka nikae hata leo?"

Waceke aliketi ngazi ya chini yake, na mama yake akamfuta jasho la shingo kwa kitambaa kile kile.

Kwa kuwa ilithibitishwa kwamba wanasikia, waliofukuzwa waliitwa warudi kazini. Karatasi ya Nyokabi haikubadilishwa. Iliongezwa mstari mmoja chini: amesamehewa ukaidi wake. Jumatatu alifunga kitambaa kichwani, akapita nyumba mbili, akaingia lango la kiwanda na kusimama mbele ya mashine nambari nne. Mashine haikufunikwa. Alikuwa na nyimbo kumi na mbili za bintiye kichwani, akazipitia moja baada ya nyingine akikata misumari, na nyapara aliona mabega yake yakienda akafikiri ni bidii.

Mwezi huo aliajiriwa Munyiva kutoka Machakos, umri miaka kumi na tisa, akawekwa mashine nambari tano. Alikuwa msichana wa maswali. Machi alimwuliza Nyokabi kwa kupaza sauti anatikisa mabega kwa ajili gani. Nyokabi alisoma midomo yake, akamwambia atajua. Juni Munyiva aliacha kupaza sauti akaanza kutumia mikono. Agosti aliacha kuuliza. Oktoba, siku ya Jumatano, Nyokabi alipokuwa katika wimbo wa tano, aliona kichwa cha Munyiva kikiinama na kuinuka, kikichelewa kidogo, kisha kikashika mdundo.

Jumapili Munyiva alishuka ngazi za River Road akiwa na gauni la njano na viatu vya kuazima. Nyokabi alimkumbatia, akamwonyesha benchi la mbele, akamtambulisha kwa kila mtu. Waceke alipoburura koleo juu ya waya, msichana yule alifumbua kinywa kama mtu aliyemwagiwa maji, akacheka, akasimama. Alicheza vizuri kuliko wote. Watu walimpisha katikati, wakapiga makofi, na bendi nzima ikageuka kuifuata miguu yake.

Wiki iliyofuata Mzee Abdalla alimwita fundi abomoe ukuta wa stoo ya pili. Kiwanda kilikuwa kimeajiri wasichana wengine arobaini, na ilibidi wapatiwe nafasi.